Kengele iliyokatwa mkia

"Mjomba, mbona noti zangu zinakatika kabla hazijaisha?" Mpwa wangu aliniuliza hivyo juzi, TidalCycles, programu ya kupiga muziki kwa kuandika msimbo, ikiwa wazi mbele yake, nikaikumbuka sauti ya kengele ya dada mmoja niliyefanya naye muziki.

Aliiunda mwenyewe kwenye SuperCollider, programu inayotengeneza sauti zenyewe, kwa envelopu (umbo la sauti kupanda na kufifia) ya Env.perc(0.005, 3), yaani mwanzo wa sekunde 0.005 na mkia wa sekunde tatu. Ukiipiga humo peke yake, ilivuma hadi ikafifia. Tulipoiita kutoka Tidal, noti nne kwa mzunguko (kipande cha muda kinachojirudia), ikalia ngo, kisha kimya kikavu. Ngo, kimya. Dada akainama, akatega sikio kwenye spika, akausikia mkwaruzo mdogo mwishoni mwa kila noti. "Kuna kitu kinaifunga," akasema.

Kweli ilikuwa inafungwa. SuperDirt, sehemu ya SuperCollider inayopokea noti za Tidal, huiweka kila noti katika kundi lake, na muda wa sustain, yaani urefu wa noti kwa sekunde, ukitimia, lango (kifungio cha noti) hulifuta kundi zima hata kama envelopu bado inaendelea. Usipoandika lolote, sustain ni nafasi ya noti yenyewe hadi inayofuata: kwa mwendo wa kuanzia wa mizunguko 0.5625 kwa sekunde, robo mzunguko ni sekunde 0.44.

Kwanza tuliandika timeScale: sustain, inayoivuta au kuibana envelopu kwa kuzidisha nyakati zake kwa sustain, na namba za envelopu tukazifanya 0.01 na 0.99, kwa kuwa lazima jumla isizidi 1, la sivyo lango litaiwahi. Mkwaruzo ukaisha, lakini kengele ikalia kama mti uliogongwa. Njia hiyo inafaa besi. Hata huko, noti ikiwa fupi mno mwanzo wake nao hubanwa ukatoa "tik", afadhali Env.perc(0.005, sustain - 0.005) bila timeScale.

Tukairudisha 3 yake na kuongeza # legato 7, yaani sustain iwe nafasi ya noti mara saba. Lo, ikavuma! Noti saba zikapandana, chumba kikajaa. Kisha nikaandika setcps 1, yaani mzunguko mmoja kwa sekunde: nafasi ikawa 0.25, mara saba ni 1.75, mkia ukakatwa tena. Dada akafuta legato, akaweka # sustain 3.1. Sasa zilipandana kumi na mbili, nikalalamika kwamba zinafunika ngoma.

"Kengele haifupishi mkia kwa sababu mpiga ngoma ana haraka," akanijibu.

Mpwa wangu nimemwonyesha zote mbili, legato na sustain. Mimi huanza na legato, nikiamini urefu wa noti unapaswa kufuata mwendo, ila kwa kengele bado sijapata hoja ya kumshinda dada.