Fomu ishirini na tisa kwenye mfuko wa unga

Wakili hakuniuliza tulishindwa kwa kura ngapi. Aliuliza, "Matokeo yalitangazwa lini?" Nikamwambia Agosti 11. Akahesabu kwa vidole juu ya meza, akanyamaza. Leo ilikuwa siku ya kumi na moja, na sheria ya Kenya inakupa siku 28 tu tangu matokeo yatangazwe uwe umefungua kesi ya kuyapinga. Siku zote hizo nilikuwa nyumbani nikipokea pole kama mfiwa.

Mwaka 2022 nilikuwa ajenti mkuu wa shangazi yangu, aliyegombea uwakilishi wa wadi yetu hapa Pwani akaachwa kwa kura 41. Kazi yangu ni kuuza leso. Mahakamani nilikuwa sijawahi kuingia hata kwa ushahidi wa kuku.

Kura zikishahesabiwa kituoni, msimamizi hujaza Fomu 36A, maajenti wanatia sahihi na kupewa nakala, na nyingine inabandikwa mlangoni. Vituo vyetu vilikuwa 31. Kwenye mfuko wangu wa unga mlikuwa na fomu 19. Basi nikapanda boda. Ajenti mmoja alikuwa ameilaza yake chini ya godoro, safi kama cheti cha ndoa. Mwingine alikuwa ameandika deni la maziwa nyuma yake. Wa tatu akaniambia wazi kwamba hajalipwa posho yake, na bila posho hakuna fomu. Nikamlipa, alikuwa na haki. Kituo kimoja kiliokolewa na kijana aliyepiga picha pale mlangoni. Mwishowe nikafikisha 29.

Usiku ule mimi na Shangazi tulizilinganisha moja moja na Fomu 36B, ile ya majumlisho ya wadi. Kura zake 67 zilikuwa zimeandikwa 61. Kwingine, 125 za mpinzani zikawa 143. Shangazi alipiga kigelegele kabla sijamaliza kujumlisha. Ishirini na nne. Toa kwenye 41, bado kumi na saba.

"Kwani Maraga alihesabu kura?" akauliza. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais kwa kasoro za utaratibu, na tangu hapo kila aliyeshindwa ana Maraga wake. Wakili alimjibu kwa upole kwamba kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi hakifuti matokeo kwa kila kosa: lazima liwe limevunja misingi ya uchaguzi au limegusa matokeo. Tuombe masanduku yafunguliwe, alisema, tuone vile vituo viwili tusivyo na fomu zake.

Septemba 5 tulikuwa ofisini kwake tukitia sahihi hati za viapo, na karani hakutusikiliza hata kidogo, sikio liko redioni: Mahakama ya Juu ilikuwa inatupilia mbali kesi ya urais. Kesho yake tukawasilisha yetu kwa hakimu, maana kesi za wadi huanzia huko.

Kilichonitoa jasho hasa ni dhamana ya gharama, pesa unazoweka mahakamani zilipie gharama za upande wa pili ukishindwa. Kwa wadi ni shilingi 100,000, na una siku kumi baada ya kuwasilisha kesi. Ukikosa, unaweza kutupwa nje kabla hujasikilizwa. Chama cha akina mama kilitoa elfu 40, mimi nikauza doti za leso kwa hasara, na Shangazi akauza mbuzi watatu. Stakabadhi nilisafiri nayo ndani ya sidiria.

Hakimu aliruhusu kuhesabu upya kwenye vituo vinne. Zile 67 zilirudi, zile 18 za ziada zikaondolewa. Na vile vituo viwili ambavyo tulikuwa tumeshavijengea hadithi nzima usiku kucha? Hesabu sawasawa, hakuna hata kura moja iliyopotea.

Februari 2023 tukashindwa, na tukaamriwa kulipa gharama, ile laki yetu ikitangulia. Wakili alisema tuna siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu, kwa hoja za kisheria peke yake. Shangazi akamshukuru, akakataa.

Ila mtu akimtania sokoni kuhusu zile kura 41, anaweka kikapu chini. "Kumi na saba," anasema. "Nenda kasome hukumu."