Sauti sina, ila roho kwatu!

Jamani, jana nimeiona bendi yangu laivu! Nilijibanza karibu na meza ya fundi mitambo, maana pale ndipo sauti inapokaa sawa. Mbele kabisa ni ngoma tupu. Aliyenimaliza ni mpiga besi: peku, macho kafumba, kila akigusa uzi kifua changu kinaitikia. Ule wimbo wao mkubwa wakauvuta weee, mwimbaji akanyamaza, akatugeuzia maikrofoni, kibwagizo tukakimaliza wenyewe. (Nyie mliorekodi mwanzo mwisho na kuniziba kwa simu zenu, mlisikiliza saa ngapi?) Kuchelewa walichelewa, lakini gitaa la kwanza lilipolia nani alikumbuka? Leo miguu inawaka, masikio yanavuma. Wakitangaza shoo nyingine, mnishtue mapema!