Saruji ya Saa Nane Usiku: Siku Moja ya Fundi Kompyuta wa Dodoma

Saa 12:00 asubuhi. Ninaamka nyumbani Kisasa, upepo ukiwa umekwisha kuanza kugonga mabati, ninafuta vumbi lililoingia usiku, ninakunywa chai na kutoka. Saa zote nitaziandika kwa Kiswahili kama tunavyozitamka, isipokuwa pale ninaponukuu skrini ya kompyuta, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo iliyoila siku ninayoisimulia. Mimi ni fundi kompyuta wa maduka madogo, na sehemu ya kazi yangu inayochekwa kuliko zote ni kurekebisha saa. Shangazi yangu huwaambia majirani kwamba nilikaa chuoni miaka mitatu ili nije kuwa mweka saa.

Saa 2:10 asubuhi. Sijamaliza kufungua kibanda changu karibu na Soko la Majengo, na tayari mwanafunzi mmoja ananisubiri na kompyuta mpakato yenye mifumo endeshi miwili, Windows na Linux. Kila akitoka Linux na kuingia Windows, saa inarudi nyuma kwa saa tatu, naye anaamini mashine imeingiliwa na virusi. Nikamweleza kwamba kompyuta ina saa mbili: ya kwanza iko kwenye ubao mkuu, hutembea kwa betri hata mashine ikizimwa, ya pili huhesabiwa na mfumo endeshi, ambao huisoma ile ya kwanza unapowaka na baada ya hapo hujihesabia wenyewe. Linux huichukulia saa ya ubao kuwa ni ya UTC, yaani saa ya kimataifa, ikaiongezea saa tatu ambazo sisi tunaitangulia. Windows huichukulia kuwa tayari ni saa ya hapa. Nikaongeza mpangilio uitwao RealTimeIsUniversal kwenye rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, ili nayo isome UTC, na dakika kumi zikatosha.

Saa 3:20 asubuhi. Simu ikaita. Alikuwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mteja wangu wa mara moja moja. Shikamoo yangu aliijibu nusu. “Binti, njoo sasa hivi na vyombo vyako. Nina mwizi dukani.”

Nilifika kama saa 3:50. Mzee alikuwa amechapisha taarifa ya mauzo ya miezi miwili na kuizungushia kalamu nyekundu karibu kila mstari. Keshia wake, dada wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi huku macho yamemvimba. “Soma hapa,” mzee akaniambia. “02:41. Saa nane usiku na dakika arobaini na moja, mifuko ishirini ya saruji. Nani hununua saruji saa nane usiku?” Yule dada akasema kwa sauti ndogo kwamba saa nane usiku yeye huwa amelala kwao Chang’ombe, na kwamba funguo za duka hazijawahi kulala kwake. Mzee hakumtazama.

Niliangalia kona ya skrini, nikaangalia simu yangu. Simu ilisema 9:52, kompyuta ilisema 3:50 AM. Nikamuuliza yule dada kama aliiweka saa asubuhi hiyo. “Nimeiweka, dada. Kila asubuhi ninaikuta imeharibika, basi ninaiweka. Leo ilikuwa saa mbili na nusu, nikaandika 2:30.”

Hapo nilielewa yote, lakini kuelewa ni jambo moja na kumwelewesha mtu aliyekwisha kutoa hukumu ni jambo jingine. Kwa macho ya keshia, saa hiyo ilikuwa sahihi mchana kutwa: saa tatu asubuhi ilionyesha 3:00, saa tisa alasiri ikaonyesha 9:00. Kwa kompyuta, inayohesabu kuanzia usiku wa manane, alikuwa ameirudisha nyuma kwa saa sita. Hata tarehe haikumsaliti, kwa kuwa ilichelewa kubadilika kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili alfajiri tu, wakati duka limefungwa. Mzee naye, aliyezoea saa za kiofisi, alisoma 02:41 kama inavyosomwa kiofisi. Kila mmoja alisoma sahihi kwa saa zake.

Mzee alisema ninamtetea mwanamke mwenzangu.

Nikamwomba afungue kwenye simu yake ujumbe wa malipo ya saruji hiyo, maana mteja alikuwa amelipa kwa simu. Alitafuta kwa muda mrefu, akiwa amesogeza miwani hadi kwenye paji la uso, na alipoupata alinyamaza. Ujumbe ulikuwa wa tarehe ileile, kiasi kilekile, saa 08:43. Mfumo wa malipo haukuwa na habari na saa ya duka. Zile dakika mbili za ziada ni za mkono wa binadamu: anayeandika saa kwa kukisia hupoteza dakika moja au mbili, na hilo sikumlaumu nalo. Tulilinganisha malipo mengine tisa, yote yakaachana kwa saa sita na dakika chache.

Akahamia swali jingine: kwa nini saa iharibike kila asubuhi? Kwa sababu kila jioni, kwa kuogopa moto, yeye mwenyewe huzima swichi kubwa ya umeme, na betri ya ubao mkuu imekufa. Alibisha. Nikaizima swichi, tukasubiri dakika tano tukitazamana, nikaiwasha. Skrini ikaandika 1 Januari 2015, wakati duka hilo lilikuwa halijajengwa.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri saa zilivyokwenda, jambo la aibu kwa mtu wa kazi yangu. Nilikwenda kununua betri, CR2032 ya volti 3, kwa shilingi 2,000. Nilifungua mashine na kutoa vumbi la saruji lililoganda kama uji. Niliweka saa kwanza kwenye ubao mkuu, kisha kwenye Windows, nikachagua ukanda wa saa wa Nairobi kwa sababu orodha yake haina Dar es Salaam, nikawasha intaneti ya simu yangu ili mashine ijilinganishe na seva ya saa, kompyuta ya mtandaoni inayotoa saa sahihi. Kabla ya hapo nilimwomba mzee asimamishe mauzo, maana kuruka saa sita mbele katikati ya kazi huacha pengo katika kumbukumbu. Alikubali, halafu akauza misumari kilo mbili nyuma ya mgongo wangu.

Alitaka pia nizibadilishe tarehe na saa za mauzo yote ya nyuma ili taarifa ipendeze. Nilikataa. Rekodi ya mauzo si daftari la kufuta na kuandika upya, na fundi anayekubali leo ndiye atakayeshtakiwa kesho. Badala yake nilifungua kumbukumbu za matukio za Windows, ambako kila badiliko la saa huandikwa kama tukio namba 1, likiwa na saa ya zamani na saa mpya. Nikanakili asubuhi moja baada ya nyingine, nimekaa kwenye ndoo ya rangi, bila chakula cha mchana, hadi nikapata karatasi nne zinazoonyesha siku ipi ilicheleweshwa na kwa kiasi gani. Mzee alitia saini kila ukurasa.

Kuna hila moja ambayo sikuwaambia. Ukichagua ukanda wa Brasília, kule Brazil, ulio saa tatu nyuma ya UTC, kompyuta ya Dodoma itaonyesha saa za Kiswahili kutwa nzima bila saa yake ya ndani kuharibika. Ni hila tamu, lakini risiti zingerudi palepale pa saa nane usiku.

Jioni, nikikusanya bisibisi, ukaja ugomvi wa bei. “Elfu thelathini kwa kuweka saa?” Nilichoka hata kujibu. Yule dada ndiye aliyejibu kwa kubandika chini ya skrini karatasi aliyoiandika mwenyewe: 8 ni saa mbili, 9 ni saa tatu, mpaka 18 ni saa kumi na mbili. Mzee aliisoma yote, akamwambia akalete soda tatu. Msamaha sikuusikia, ingawa soda ya kwanza alimpa yeye.

Alinilipa nusu. Nusu nyingine, alisema, nipitie kesho saa nne asubuhi. Nikaiandika kwenye simu: 10:00.