Kidumbak ndani ya kinasa cha mkononi: kumbukumbu ya mradi wangu

Rajabu, wiki ya pili

Kinasa kimefika. Ni Tascam DR-07mkII ya mtumba, nimeichukua kwa jamaa anayehamia Bara na kupunguza vitu. Kioo kina mkwaruzo na kifuniko cha betri kimeshikwa kwa selotepu, lakini kinawaka, na kinaingia mfuko wa shati. Kwa juu kina maiki mbili mithili ya pembe za konokono: ukizikunja zinapishana, ukizikunjua moja inatazama kushoto na nyingine kulia. Betri ni mbili za kawaida, zile za saa ya ukutani, kwa hiyo hata zikiniishia usiku kuna duka la uchochoroni.

Niandike nia mapema nisije nikajidanganya baadaye. Nataka kurekodi kidumbak, muziki wa fidla na ngoma wa huku kwetu Zanzibar. Si taarabu ya ukumbini yenye viti na tiketi. Kidumbak cha harusini, chenye fidla moja, sanduku la besi, zile dumbak mbili, ngoma ndogo za udongo, cherewa za kutikisa na mkwasa, vijiti vya kugonganisha. Nimeanza kujifunza fidla mwaka jana, na mzee ninayemfuata hafundishi kwa maneno. Anapiga, unatazama, akimaliza anauliza, "Umeona?" Sijaona. Vidole vyake vinapita kama panya darini. Nikiwa na sauti yake nyumbani nitairudia mpaka iniingie.

Usiku wa kwanza nimejaribu jikoni tu. Nimekiweka mezani, nikarekodi mama akikaanga samaki, kisha nikavaa hedifoni. Samaki yumo. Friji nayo imo, tena inanguruma kuliko samaki. Imo pikipiki iliyopita nyuma ya nyumba, yumo jirani anayekohoa. Nilipokuwa nimesimama pale sikusikia hata kimoja katika hivyo. Sikio lina ujanja wa kuchagua. Kinasa hakina, kinazoa kila kilichopo. Nadhani kazi yote itakuwa ni kukitafutia mahali ambapo hakihitaji kuchagua.

Mipangilio: WAV (faili la sauti lisilobanwa), kilohezi 48, biti 24. Hesabu yake si ngumu. Sampuli 48,000 kwa sekunde, kila moja baiti 3, mara njia mbili, kushoto na kulia, unapata baiti 288,000 kwa sekunde, yaani GB 1 na kidogo kwa saa. MP3 ingekula nafasi ndogo sana, ila MP3 ni chakula kilichokwisha tafunwa. Hiyo nitaitengeneza mwishoni kwa ajili ya simu za watu. Biti 24 zinanipa nafasi ya kurekodi kwa sauti ya chini na kuipandisha baadaye bila kuongeza mvumo wa kukera. Kinyume chake hakuna. Sauti ikigonga 0 desibeli, ambayo ndiyo dari ya kinasa, imekatwa kichwa, na hakuna fundi wa kukirudisha. Kwa hiyo vilele vyangu viishie karibu na −12.

Siku tano baadaye

Kadi. Kinasa hiki kinakubali microSD hadi GB 32, nami nimenunua ya GB 32 dukani kwa bei iliyonifurahisha, jambo ambalo lingetosha kunitia shaka. Bahati nilikuwa nimeamua kuijaribu kabla ya shughuli. Nilikichomeka kinasa kwenye chaja, nikakiacha kirekodi pangaboi usiku kucha.

Kinasa hukata faili kila linapofika GB 2, kwa mpangilio wangu ni kama saa mbili. Asubuhi nimekuta mafaili manne. La kwanza zima, pangaboi safi kabisa. La pili linakwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, mara kimya. La tatu na la nne hayafunguki. Ukijumlisha, kadi iliyoandikwa 32 ina GB 4 hivi za kweli, zilizobaki ni maandishi. Mwenye duka amenitazama kama niliyemzulia. Nimenunua nyingine kwingine, kwa bei mara tatu, nikaijaza yote kwa kompyuta na kuisoma tena yote. Imepita.

Ningeigundua kadi ile katikati ya harusi ningelia.

Mwisho wa Rajabu: shughuli ya kwanza

Ruhusa nimeomba kwa mama wa bibi harusi, si kwa wapigaji peke yao, maana wanaocheza ni wanawake na uwanja ni wao. Amekubali kwa sharti moja: sauti tu, simu isitoke mfukoni. Hilo nimelipenda. Watu wakiona kamera wanabadilika. Kidude kidogo kilichokaa kimya baada ya dakika kumi wanakisahau.

Wakati wapigaji wanakanza dumbak motoni ili ngozi ikaze, nimebonyeza kitufe cha kurekodi. Taa nyekundu ikawa inawaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Nikatulia. Nyimbo tatu, nne, fidla inapaa, mimi najisifu moyoni. Baada ya dakika thelathini na tano nimeinama kutazama muda: 00:00:00.

Taa inayopepesa maana yake kinasa kiko tayari, kinasubiri. Ukibonyeza mara ya pili ndipo taa inatulia na kazi inaanza. Sasa nimeandika kwa kalamu nzito nyuma ya kinasa: TAA ITULIE. Naona aibu lakini sitaifuta.

Nusu ya pili niliipata, ila nilikuwa nimekiweka mkekani, hatua moja kutoka dumbak. Kila pigo limepasuka. Cherewa, lile fuu la nazi lenye mbegu ndani, linasikika kama mtu anakaanga mchanga. Fidla iko mbali huko, kama inapigwa nyumba ya pili.

Shaabani, wiki ya kwanza

Mwezi huu harusi ni nyingi, kila mtu anakimbizana na Ramadhani, kwa hiyo nafasi za kukosea zipo.

Mara hii nimekipandisha dirishani, mbali na ngoma. Upepo wa kaskazi ukaingia kwa dirisha lile lile na kupuliza maiki, vuuu, vuuu. Nikawasha kichujio cha sauti nzito, kile kinachokata mivumo ya chini. Upepo ukapungua kweli. Nyumbani nikagundua kwamba sanduku nalo limeondoka. Sanduku ndilo besi ya kidumbak: kasha, mpini na kamba moja. Mpigaji anauvuta mpini, kamba inakaza, sauti inapanda, anaulegeza, inashuka. Sauti yake iko kule kule chini anakokaa upepo. Kichujio hakiwezi kujua yupi mgeni na yupi mwenyeji.

Nimejifunza kuuzuia upepo kwa sponji juu ya maiki na kwa kukipa kinasa mgongo wa ukuta. Kichujio nimekizima na hakitawashwa tena.

Nimesoma pia jambo la umbali ambalo limenisaidia kuliko kitu kingine chochote. Mahali pa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili kutoka kwenye chombo, sauti yake inashuka desibeli 6. Kwa hiyo kinasa kikiwa nusu mita kutoka dumbak na mita mbili kutoka fidla, tayari nimeipunja fidla desibeli 12 hata kabla ya kuhesabu kwamba dumbak yenyewe ina nguvu zaidi. Hakuna kitufe kitakachosawazisha hilo baadaye, kwa sababu yote yamekwisha ingia pamoja kwenye maiki zile zile mbili. Mizani inapimwa kwa miguu.

Shaabani, wiki ya tatu

Leo nimepata.

Mpigaji sanduku ndiye aliyenionesha. Nilikuwa nahangaika na stendi yangu (ya kamera, kinasa kina tundu la skrubu) nikiipeleka nyuma walikokaa wageni. Akaniita.

"Kijana, sisi tunapiga kwa kusikilizana. Wewe kila siku unakwenda kukaa na waliokuja kula pilau."

"Nikae wapi basi, mzee?"

Akanyoosha mguu, akagusa sakafu mbele ya fidla kwa kidole gumba. "Hapa. Na ukiinue, sikio la mtu haliko chini."

Wanakaa kama nusu duara: fidla katikati, sanduku kulia kwake, dumbak kushoto, cherewa na mkwasa pembeni. Nimesimamisha stendi hatua moja na nusu mbele ya fidla, kinasa kimo usawa wa sikio la mpigaji aliyeketi, maiki zimekunjwa zikapishana. Dumbak sasa ziko mbali mara mbili kuliko fidla, na maiki haziangalii ngozi moja kwa moja. Nikawaomba wapige kwa nguvu ile watakayoifikia mwishoni, si ile ya kuanzia, maana kidumbak huanza kwa kutembea na kumaliza kwa kukimbia. Vilele vikawa −10. Nikashusha kidogo, nikabonyeza mara mbili, taa ikatulia.

Mkondo wa kwanza umekwenda dakika hamsini na mbili bila kusimama, wimbo ukizaa wimbo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika 3 tu hivi. Wimbo ulikatwa kwa kipimo cha sahani. Nilikuwa nalifikiria hilo huku nikitazama namba zikipanda kwenye kioo chenye mkwaruzo. Kitu cha mtumba, na hakimkatizi mtu.

Wakati wa mapumziko nimewapa hedifoni wasikilize, mmoja mmoja. Spika ya ndani ya kinasa ni kama ya saa ya kuamshia, haifai kumsikilizisha mtu kazi yake. Mzee wa fidla amefumba macho, amekaa muda mrefu, kisha akamgeukia kijana wa cherewa na kumvisha hedifoni bila kusema neno. Kijana kasikiliza, kacheka kwa aibu. Mkondo wa pili alikuwa hachelewi tena.

Bi mkubwa anayeongoza kuimba naye kasikiliza. Akaniambia nirudishe nyuma, akasikiliza tena pale pale.

"Huu wimbo ufute."

"Bi mkubwa, umekaa vizuri mno."

"Ndiyo maana. Tumeuimba, aliyekusudiwa kausikia, yamekwisha. Sasa wewe unataka umfuate mpaka kwake?"

Kinasa hiki kina uwezo wa kuligawa faili, kwa hiyo nimeligawa mara mbili, nikakitoa kipande kile na kukifuta mbele ya macho yake, nikamwonesha orodha. Dakika sita nzuri kuliko zote za usiku ule. Nimeumia, na sina la kubishana naye. Wimbo wa fumbo una siku yake na uwanja wake, na mimi ndiye niliyeleta kitu kinachoutoa uwanjani.

Ramadhani

Hakuna ngoma. Baada ya tarawehe nakaa barazani na kinasa, sasa hivi ni mwalimu. Kina kitufe cha kupunguza mwendo bila kubadilisha sauti: nimeshusha mpaka asilimia 70, na vidole vya mzee vikaanza kuonekana kwa masikio, kama mtu amewasha taa darini. Halafu kuna mzunguko: unaweka alama mwanzo na mwisho wa kipande, kinajirudia chenyewe mpaka utosheke. Kipande kimoja cha sekunde tisa nimekisikiliza usiku tatu. Nilikuwa nadhani anapiga noti tano pale. Ni nne; ya tano ni upinde unaogeuka.

Hilo nisingelisikia katika MP3 ya kubana, nina hakika, au pengine najifariji kwa bei ya kadi.

Usiku mmoja nimechomeka redio ya kaseti ya mama kwenye tundu la kuingizia sauti na kunakili kanda mbili za harusi yake. Moja imekwama na kutafunwa dakika ya nane. Nimesimamisha, nimeizungusha kwa kalamu kama zamani, ikatoka na mikunjo lakini ikaimba. Mama kakaa nami mpaka daku.

Betri nimehamia za kuchaji. Onyo kwa atakayefuata: lazima uiambie mashine kwenye menyu kwamba ni Ni-MH. Alkalini ikiwa mpya ina volti 1.5, ya kuchaji 1.2, na kinasa kisipojua tofauti kinadhani betri zinakufa wakati zimeshiba.

Mfungo mosi

Nakala nimegawa. Kila mpigaji kapata MP3, na nimezituma WhatsApp kama faili, si kama sauti ya kurekodi, ili zisibanwe tena. Mama wa bibi harusi alitaka kwenye flashi kwa ajili ya gari. WAV zenyewe ziko sehemu mbili: kompyuta yangu na diski ya shemeji, aliye mtaa mwingine.

Jana nimekwenda kwa mzee na fidla yangu. Nimempigia kile kipande cha sekunde tisa. Kanyamaza. Nikadhani kimemgusa.

"Umeniiga vizuri," kasema. "Hata pale nilipokosea umekosea."

Nikamvisha hedifoni, asilimia 70. Kasikiliza mara mbili na kunionesha: upinde ule anaougeuza haukuwa pambo, mtoto alimgonga kiwiko akikimbilia halua. Tumecheka mpaka mkewe akatoka ndani.

Nimebadilisha selotepu ya kifuniko. Alhamisi kuna harusi mtaa wa nyuma, na mpigaji sanduku ameniambia nisichelewe, nafasi yangu ya mbele watoto wanaitaka.