Kucheka na Mkono

Juzi jioni mwanangu alinikodolea macho kwa muda, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kuthubutu kuniuliza: "Mama, mbona wewe unacheka na mkono?" Yeye mwenyewe ana pengo la meno mawili ya mbele, maana ametimiza miaka 7 na meno yake ya utoto yanadondoka moja baada ya jingine, lakini hucheka kinywa wazi kama mtu anayeonyesha mali yake. Nilimjibu kwamba ni mazoea tu. Jibu hilo halikumtosha, na ukweli ni kwamba hata mimi halikunitosha, kwa kuwa lilinirudisha moja kwa moja kwenye kiti cha daktari wa meno, siku nilipovaa meno ya bandia kwa mara ya kwanza, yeye akiwa bado hajazaliwa.

Namna nilivyoyapoteza meno yenyewe haina simulizi ndefu. Gego la chini, upande wa kushoto, liling'olewa nikiwa kijana, nami nikaliacha pengo lake hivyo hivyo kwa hoja kwamba halionekani. Mawili ya juu ya mbele yaliondoka kwa siku moja, ngazini, gizani. Niliambiwa nirudi kidonda kikipona ili nitengenezewe mengine. Nilirudi baada ya miaka 6.

Katika miaka hiyo nilijizoeza Kiswahili changu mwenyewe. Herufi f na v zinataka meno ya juu yaguse mdomo wa chini, na th na dh zinataka ulimi uegemee meno hayo hayo, kwa hiyo maneno yenye sauti hizo niliyakwepa kama mtu anayekwepa wadai wake. Niliacha kufikiri nikawa nawaza. Sikufurahi tena bali nilikuwa na raha. Na kitu chenye thamani nilikitaja kwa bei yake, hata pale ambapo bei siyo niliyoikusudia. Kicheko nacho kikapata mlinzi, yaani kiganja cha kulia. Lugha yetu imetenganisha mwanya na pengo, na haikufanya hivyo bure, kwani mwanya husifiwa na pengo hufichwa.

Nilipojipeleka hatimaye, daktari, kijana mpole aliyekuwa akiniita mama ingawa hatukupishana sana kwa umri, alinionyesha kwenye kioo kidogo mambo yaliyokuwa yakiendelea kinywani mwangu bila idhini yangu. Gego lililokuwa jirani na lile pengo la zamani lilikuwa limelalia upande wa nafasi iliyoachwa wazi, na lile la juu, lililokosa mwenzake wa kukutana naye, lilikuwa limeteremka kumtafuta. Nafasi ya kuweka jino pale ilikuwa imekwisha. Kule mbele, mfupa wa taya uliokuwa umeshika meno yangu ulikuwa umesinyaa, kwa sababu mfupa usio na jino la kushika hupungua, na hupungua kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza. Ndiyo maana mdomo wangu wa juu ulikuwa umebonyea nami nikadhani ni uzee.

Hatua zilizofuata nazipitia haraka: kijiko kikubwa kilichojaa uji mzito wa kuchukulia umbo la taya, ambao ulinifanya nipumue kwa pua huku machozi yakinitoka, kisha mabishano ya rangi, mimi nikitaka meupe kabisa, daktari akichagua yenye umanjano kidogo na kusema kwamba meno ya bandia huumbuliwa na weupe wake. Alikuwa sahihi, ingawa sikumwambia.

Siku yenyewe alitoa kwenye boksi bamba dogo la plastiki ngumu, lenye rangi ya ufizi, meno mawili mbele na vibanio viwili vya waya vya kushikilia magego. Lilionekana dogo mkononi mwake. Lilipoingia lilijaza kinywa chote. Mate yalifurika, na ulimi ukawa kama mgeni aliyekuta chumba chake kimepangishwa. Alining'atisha karatasi nyembamba yenye wino wa bluu, akatazama madoa, akalitoa bamba, akalisaga kidogo, akalirudisha, tukarudia hivyo mara tatu. Kisha akasema, "Hesabu kuanzia sitini, mama." Nikasema shitini. Shitini na moja. Nilipofika sitini na sita, namba yenye mitego miwili, s ya mwisho ilitoka safi, nasi sote wawili tukanyamaza.

Akanipa kioo, akaniomba nitabasamu. Nilitabasamu, nikamsubiri aseme neno, naye akanisubiri mimi. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mkono." Nilikuwa nimejiziba kinywa mbele ya kioo, wala sikujua.

Tangu hapo nimezoea mambo yake. Wiki ya kwanza lilinichubua, nikarudi likapunguzwa. Usiku hulala kwenye kikombe cha maji, si ya moto, kwani moto hulipinda. Nalisugua kwa sabuni, kwa kuwa dawa ya meno hulikwaruza, tena juu ya beseni lenye maji ili likiponyoka lisivunjike. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na kwa upande wa mfupa sina la kuwabishia, kwa sababu bamba halizuii taya kuendelea kusinyaa, na langu limeshahitaji kurekebishwa lilipoanza kulegea. Lakini wahenga hao sidhani kama waliwahi kukwepa neno "furaha" kwa miaka 6.

Mwanangu hakuridhika na mazoea. Alinisogelea akainua mdomo wake wa juu kwa kidole, akanionyesha jino jipya linalochungulia kwenye ufizi, ukingo wake ukiwa na vinundu vidogo kama msumeno. "Langu linakuja," alisema, "na lako si lipo? Sasa unaficha nini?" Swali lilinichekesha kweli kweli.

"Umeona?" akasema, akikionyesha kiganja changu.