Kilomita 297 kando ya mfereji, na mikanda ya tyubu kutoka Kongowea

Nimemaliza. Kwa baiskeli, huko Marekani, kutoka mji wa Cumberland mpaka Washington, maili 184.5, yaani karibu kilomita 297 za njia ya udongo kando ya mfereji wa Chesapeake na Ohio, mimi mama mwenye wajukuu kutoka Kisauni. Alhamdulillah. Wenzangu wa baiskeli za Jumapili alfajiri wananiuliza ilikuwaje. Nitawaambia, ila kwanza niutoe moyoni ule ushauri niliopewa kabla sijaondoka.

"Mama, kule ni tambarare, utateleza tu." Nimeambiwa hivyo na watu wengi, na mmoja wao alitaka kuniuzia baiskeli ya mashindano yenye matairi membamba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika huko.

Tambarare ndiyo adha yenyewe. Mfereji ule una loku 74, vyumba vya maji vyenye malango vilivyokuwa vikiishusha mashua kidogo kidogo, kila kimoja kama mita mbili na nusu. Kati ya loku moja na nyingine maji yalitakiwa yakae sawa, na njia nayo ikakaa sawa. Mteremko wote wa safari umegawanywa vipande vifupi penye loku. Unashuka kufumba na kufumbua, kisha unarudi kukanyaga. Ukipanda Shimba Hills utahema, lakini ukishuka miguu inapumzika na unainuka kitini. Kule unakanyaga kila mita, umekalia pale pale, viganja vimebana usukani. Kwa hiyo nilipokuwa nikifanya mazoezi ya kwenda Kilifi nilijiwekea sharti: nisiache pedali hata penye mteremko, na kila nusu saa nishuke nitembee. Sharti hilo limenisaidia kuliko kitu chochote cha kununua.

Mdogo wangu wa kiume, anayeishi Maryland, tulikuwa naye safari nzima. Usiku tulilala kwenye kambi za wapita njia, ambazo hazilipiwi: meza, choo, mahali pa kuwasha moto na pampu ya maji ya mkono. Maji hutiwa iodini na ladha yake ni ya dawa, kamulia ndimu. Fedha nyingi ziliishia kwenye viza na tiketi ya ndege, njiani ni chakula tu.

Sasa mkasa wenyewe. Tulikuwa tumelipita handaki la Paw Paw, karibu mita 950 ndani ya mlima, giza totoro, tukisukuma baiskeli kwa tochi huku tumeshika ubao wa pembeni. Kulichimba kulianza 1836 na mfereji ukafika Cumberland 1850, na kwa kweli ukiwa humo ndani huoni ajabu kwamba kazi ilichukua miaka yote hiyo. Tulipotoka tukakuta mvua inanyesha. Kilomita chache mbele, penye mizizi, nikasikia "tak!" Bolti ya keria imekatika pale chini inapoungana na fremu, na mkoba wenye hema umelalia spoki. Simu haina mtandao. Msitu upande huu, mto Potomac upande ule.

"Dada, hapa safari imeisha," mdogo wangu akasema. "Tusukume mpaka tupate mtu wa kutubeba."

Nikafungua mkoba nikatoa mikanda ya tyubu kuukuu, ile ile aliyoicheka tulipokuwa tukipakia. Nilikatiwa na fundi wangu wa Kongowea, upana wa vidole viwili. Kila anayebeba madebe ya maji kwa baiskeli Mombasa anaijua. Nikachukua kijiti kigumu, nikakilaza kati ya mguu wa keria na fremu kama banzi la mfupa uliovunjika. Mkanda unauvuta kwa nguvu zote mpaka uwe mwembamba, mzunguko wa kwanza unaukanyaga mkia wake, halafu unapishanisha juu na chini, juu na chini, bila kulegeza hata mara moja. Mwisho unaupenyeza chini ya mzunguko wa mwisho na kuukaza. Kamba ikitikiswa hulegea. Mpira huzidi kujishika. Nikafunga wa pili juu ya wa kwanza, nikatikisa keria kwa mikono miwili. Haikucheza. Mdogo wangu akaanza kunipigia makofi mvuani, na ilitufikisha Washington bila kuguswa tena!

Mvua ikinyesha udongo ule hunata na kujaza nafasi baina ya tairi na madigadi, kwa hivyo matairi mapana na madigadi yaliyo mbali na tairi. Yule wa matairi membamba asikie.

Nataka pia mumjue William O. Douglas. Mafuriko ya 1924 yalipoua biashara ya mashua, baghala waliokuwa wakizivuta wakaondoka, na baadaye ikapendekezwa njia yao igeuzwe barabara ya magari. Jaji huyu wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1954 akaitembea yote kwa miguu kuipinga. Mwaka 1971 ikawa hifadhi ya taifa. Bila yeye ningekuwa nikinusa moshi wa malori badala ya kupita chini ya miti.

Mkienda, jiwe la maili sifuri liko mtaa wa Georgetown, Washington, nyuma ya jengo la mashua karibu na mdomo wa Rock Creek, limejificha. Na msiende kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Aprili. Pampu za maji huwa zimefungwa.