Fundi wa sare

Kibao cha dukani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, kimeandikwa "Fundi wa sare za shule na suti". Mpwa wangu alikipita miaka yote bila kukitazama. Mwaka huu amerudi likizo kutoka chuo, akasimama mbele yake na begi begani, akacheka peke yake kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Unacheka nini?"

"Hicho kibao. Kumbe hata kwenye chesi ndiyo kazi yako hiyo hiyo."

Namwita mama kwa sababu amebeba jina la marehemu mama yangu, na mdomo wa marehemu amebeba vilevile. Chuoni anasoma takwimu. Mimi ndiye niliyemfundisha chesi akiwa darasa la tano, kwa ubao wa karatasi tulioubandika kwenye boksi la vitenge. Sasa hivi mimi nina pointi 1640 za kiwango Lichess, tovuti ya kuchezea chesi mtandaoni, na yeye amenipita kwa mbali. Simtaji ni kiasi gani maana atasoma hapa.

Kwa wasioijua, Lichess ni ya bure kweli, si ile bure ya mwezi wa kwanza. Mfaransa mmoja, Thibault Duplessis, aliianzisha mwaka 2010, na mpaka leo inaendeshwa kwa michango ya wachezaji, bila matangazo. Nilihamia huko baada ya kuchoshwa na programu moja iliyokuwa inanionyesha tangazo la mkopo kila nikipoteza malkia. Nacheza michezo ya dakika 10, simu nimeiegemeza kwenye cherehani, mguu ukiwa kwenye pedali. Mteja akiingia, saa inaendelea kutembea. Hilo si kisingizio. Au ni kisingizio kidogo.

Basi, mtoto huyu akaniomba jina langu la huko ndani, akapakua michezo yangu ya mwaka mzima. Lichess inakuruhusu kufanya hivyo: michezo yote inakuja kwenye faili moja, kila hatua na muda wake. Akachagua 120 niliyofungwa au niliyotoka sare, akaipitisha kwenye Stockfish, ile injini ya kuchambua, akakaa nayo usiku tatu na kaunta buku. Buku lenyewe lina doa la mawese kwenye jalada, kwa hiyo najua alikuwa anakula juu ya aibu zangu.

Nilimwambia mapema, ili asijisumbue, kwamba tatizo langu nalijua. Ni ufunguzi, zile hatua za mwanzo wa mchezo. Sikusoma vitabu, sijui zile njia ndefu za ufunguzi wa Sisilia, watu wananitega mapema. Nilikuwa nimeshaamini hivyo kwa miaka minne, na nilikuwa nimeshaangalia video nyingi sana za ufunguzi huku suruali za watu zikinisubiri.

Akafungua ukurasa wa kwanza. Katika michezo ile 120, niliyokuwa nimeshaharibikiwa kabla ya hatua ya 15 ilikuwa tisa.

"Tisa tu?"

"Tisa, mjomba. Ufunguzi wako ni wa kuchosha, lakini si mbovu."

Wa kuchosha! Nikiwa na nyeusi, mtu akinisogezea askari wa mfalme, mimi nasogeza askari wa c mraba mmoja, halafu wa d miraba miwili (safu za ubao zinaitwa a mpaka h, na mistari inahesabiwa 1 mpaka 8 kutoka upande wa nyeupe). Ndiyo Caro-Kann hiyo, imepewa majina ya Horatio Caro na Marcus Kann, waliochapisha uchambuzi wake mwaka 1886. Uzuri wake ni mmoja, na ndio ulionivuta: askofu wa upande wa malkia unamtoa nje kwanza, kisha ndiyo unafunga mlango kwa askari wa e. Katika ufunguzi mwingine wa aina hiyo askofu huyo anabaki ndani kama mgeni aliyenyimwa kiti. Nikiwa na nyeupe nacheza London, kila siku, kwa kila mtu: askari d4, askofu f4, askari e3, askari c3. Mpwa wangu anasema huko si kufungua mchezo, ni kugawa sare za shule: kila mtoto anavaa ile ile, mrefu kwa mfupi.

Hapo ndipo nikaelewa alichokichekea kwenye kibao.

Lakini haki yangu akanipa. Ukurasa wa pili aliandika "Anapobanwa" na akapigia mstari. Anasema nikiwa nyuma kidogo, nimebanwa kwenye mistari yangu mitatu, ndipo ninapocheza kama mtu wa pointi 1900. Sihangaiki. Natafuta farasi ana kazi gani, nampeleka kwenye mraba usiofukuzika, nasubiri jirani achoke. Kwa kweli napenda kubanwa. Shujaa wangu ni Tigran Petrosian, bingwa wa dunia kuanzia 1963 mpaka 1969, mtu ambaye kumfunga ilikuwa kazi kweli. Mwaka 1953 kule Zürich, akicheza na Samuel Reshevsky, askari wa nyeupe walikuwa wanakuja kumkanyaga, na yeye bila kulazimishwa akaipeleka ngome yake e6, mahali ambapo askofu angeila. Akapokea hasara hiyo ili farasi wake apate njia ya kufika d5 akae hapo, mbele ya wale askari. Mchezo wote ukapoa. Nimeurudia mara nyingi kuliko nilivyorudia harusi yangu kwenye video.

Ukaisha sare, bila shaka. Mpwa wangu alinikumbusha hilo.

Ukurasa wa tatu ndio ulionikosesha usingizi. Katika ile michezo 120, kuna 51 ambayo wakati fulani nilikuwa mbele kwa thamani ya askari wawili au zaidi. Hamsini na moja. Nimeshika mnyama kwa pembe, halafu nimemwachia. Na namna ya kumwachia ni ile ile. Nikishapata faida, napatwa na haraka ya kutaka yaishe. Nabadilishana malkia. Nabadilishana farasi. Nabadilishana kila kinachobadilishika, maana nilisikia zamani kwamba ukiwa mbele punguza kete. Sawa, nimepunguza, tumebaki na ngome moja moja na askari wachache. Na ngome na ngome ndiyo sehemu ya chesi ambayo sikuwahi kuigusa hata siku moja, maana niliamini tatizo langu ni ufunguzi.

"Mjomba, ni kama mteja ameleta kitambaa kizuri, umepima vizuri, umekata vizuri, umeshona, halafu hujui kutia vifungo."

Nilimwambia aniachie mifano ya ushonaji, hiyo ni ya kwangu.

Nikaomba anionyeshe mmoja tu. Akachagua wa mwezi wa sita, dhidi ya Mreno mmoja. Nauweka hapa kwa sababu nimeushona kichwani na hautoki. Mimi nyeupe: mfalme g8, askari g7, mraba mmoja tu awe malkia, ngome f1. Yeye mfalme e7, ngome h2. Nina dakika mbili na sekunde kumi. Tatizo ni kwamba mfalme wangu amesimama juu ya mlango ambao askari anatakiwa kupitia. f7 na f8 mfalme wa Mreno anaziona, na upande wa h ngome yake imekaa kama mgambo. Nifanyeje? Nikampiga cheki, yaani nikamtishia mfalme wake, kwa ngome, e1. Mfalme wake akaenda d7. Vizuri, njia imefunguka, nikatoka f7. Akanipiga cheki kutoka f2. Nikaenda g6, cheki kutoka g2. Nikaenda f6, cheki. Nikirudi g6, cheki. Nikimkimbia mbali, anamla askari wangu. Tukazunguka hivyo mpaka hali ikajirudia mara tatu: sare. Kioo cha simu kilikuwa na jasho la kidole changu.

Kumbe jibu lina mamia ya miaka, na lina jina: kujenga daraja. Kabla ya kutoka, ngome yangu ilitakiwa iende f4, mstari wa nne, ikae pale. Inaonekana haifanyi chochote. Halafu cheki ya e4, mfalme wake d7, natoka f7, ananipiga cheki, g6, cheki, f6, cheki, nashuka mpaka g5, na anapopiga cheki ya mwisho kutoka chini, ngome yangu inateleza kutoka e4 mpaka g4 na kuziba. Daraja limekamilika. Mvua ya cheki imekatika, na askari anavuka kuwa malkia. Ngome ikiwa kule e1 haiwezi kufika g4 kwa wakati. Mstari wa nne, basi. Mraba tatu juu. Nusu ya pointi niliiacha hapo.

Kuna upande wa pili wa shilingi, ule wa anayejitetea, ambao nao siujui. Mfaransa Philidor aliueleza mwaka 1777: mfalme wako asimame mbele ya askari wa adui, ngome yako ikae kwenye mstari wa sita ukihesabu kutoka kwa adui, imzuie mfalme wake asipande. Mtulie. Askari wake akikanyaga mstari huo, hapo hapo ngome yako ikimbilie chini kabisa kumpigia cheki za mgongoni, maana mfalme wake hana tena pa kujificha. Mimi ninayejiita mtu wa ulinzi, nimefungwa hali hiyo mara nne mwaka huu.

Ukurasa wa nne ulikuwa mfupi na ndio niliobishana nao zaidi. Ana jedwali la tarehe. Akanionyesha kwamba kuna wiki ninazopanda na wiki ninazoporomoka, akaniuliza kama ni mambo ya mshahara. Mshahara gani? Nikatazama zile tarehe, nikanyamaza. Ni mwezi. Namaanisha mwezi wa angani.

Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku kwa taa. Wakati wa giza, mitumbwi inatoka Kibirizi jioni na kule majini unaona kama mji mwingine umewashwa. Ikija mbalamwezi, taa hazina kazi, wavuvi wanapumzika, na pesa nayo inapumzika. Wateja wangu wengi ni akina mama wanaoanika na kuuza dagaa hao. Giza likiwa zuri, duka linajaa, nacheza mchezo mmoja au miwili kwa siku, tena kwa kuiba muda, na nashinda. Mbalamwezi ikifika, nakaa mlangoni na simu kuanzia saa kumi jioni. Nafungwa mmoja, nacheza mwingine kulipiza. Nafungwa huo, nashuka kwenye dakika tatu ili kisasi kije haraka. Saa sita usiku niko kitandani nimefungwa mara saba mfululizo, mke wangu amegeukia ukutani. Mpwa wangu anataka niwe na sheria: ukifungwa miwili mfululizo, weka simu chini. Nimekubali kwa mdomo.

Sheria ya ngome, hiyo nimeifuata kweli. Nilichora ubao kwa chaki ya kushonea kwenye ncha ya meza ya kukatia. Kete nikatumia vifungo: vya mashati kwa nyeupe, vya suruali kwa nyeusi. Mfalme mweupe nikamtafutia kifungo kikubwa cha kahawia, cha koti, ili nimtofautishe na wengine. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa mbele napanga ile hali ya Mreno na kujenga daraja mara tano, halafu naigeuza nijitetee kwa mtindo wa Philidor. Siku za kwanza nilikuwa nakosea hata hapo, na hakuna aliyekuwa ananipinga isipokuwa mkono wangu wa kushoto.

Alhamisi usiku ikaja. Mwindonesia, pointi 1702, dakika 10. London yangu ya kuchosha, farasi wake akapotea hatua ya 23, na safari hii sikukimbilia kubadilisha malkia. Nilimwacha mezani hatua kumi na mbili zaidi, mpaka Mwindonesia mwenyewe akataka kubadilishana ili apumue, na farasi aliyempoteza akamfidia kwa kula wangu, ila akaniachia askari wawili. Tukabaki ngome na ngome, mimi na askari wa c aliyefika c7, mfalme wangu c8 amesimama mlangoni. Upande wa pili wa ubao, lakini ni nyumba ile ile. Nilijua nimeingia chumba ambacho taa yake naijua ilipo. Nikapumua, ngome ikaenda mstari wa nne.

Akasalimu amri.

Hakusubiri hata cheki moja! Nilitaka nijenge daraja, jamani, nilikuwa nimeamka nalo kila siku kwa wiki tatu. Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini, akasema mtu wa pointi 1702 daraja analijua, ni mimi tu niliyekuwa silijui.

Ijumaa baada ya swala akaingia mzee mmoja wa Ujiji kuchukua koti lake, limekuwa tayari tangu wiki iliyopita. Akalivaa mbele ya kioo, akaligeuza, akaliangalia kifuani.

"Fundi, cha katikati hakipo."

Nikamvutia kiti, nikaenda kwenye ncha ya meza, nikamtoa mfalme mweupe g8 na kutunga uzi kwenye sindano.